Matope Meusi Kwenye Ndoano

Walianza kumwita Mama Ndoano kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alikuwa na miaka tisa alipokaa kwa mara ya kwanza kwenye sakafu ya saruji, miguuni pa bibi yake, akajifunza kutunga kipande cha samaki kwenye ndoano bila kujichoma. Siku ninayoisimulia alikuwa amefikisha miaka hamsini na moja, na kazi ilikuwa ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jioni nahodha huleta mshipi uliotoka majini, kamba moja ndefu iliyojaa ndoano, umejisokota ndani ya beseni kama utumbo. Yeye huufumua. Husafisha ndoano moja moja, hunoa zilizofubaa, hubadilisha zilizokatika, kisha huupanga mshipi upya kwa mzunguko, kila ndoano ikiwa na chambo chake na ikikaa ukingoni mwa beseni kwa zamu yake. Ndoano mia nne. Ukikosea mpangilio, kesho mshipi unaporushwa majini injini ikiwa kwenye mwendo, ndoano inaweza kumvaa mtu shavuni. Ndoano za Mama Ndoano hazikuwahi kumvaa mtu.

Lakini ukiuliza pale ufukweni kuna wavuvi wangapi, ungeambiwa sitini na kitu, na wote wanaume. Wafunga chambo walikuwa tisa, wote wanawake, na hawakuwemo kwenye daftari la wavuvi. Malipo yao yalikuwa samaki waliopondeka, wale ambao mchuuzi hawataki. "Hao wanatusaidia tu nyumbani," mwenyekiti wa ufuko alikuwa akiwaambia wageni. Ndani ya boti hawakukanyaga. Sheria ya ufuko ilikataza, na hapakuwa na aliyekumbuka nani aliitunga. Wala nahodha hakumwambia mfunga chambo anakokwenda kuvua. Ilisemekana kwamba mwanamke akijua, samaki wanahama. Mama Ndoano alikuwa akijibu kwamba kama samaki wangekuwa wanamsikiliza yeye kiasi hicho, angewaita waje wenyewe mlangoni apumzike.

Nahodha wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, ndugu wengine walikuja kutazama kabati na kitanda. Huyu alikuja na beseni la mshipi, akaliweka mlangoni, akasema, "Shemeji, kesho alfajiri natoka. Utaniwahi?" Hiyo ndiyo pole aliyompa, na Mama Ndoano hakuwahi kuisahau. Mwenzake shemeji botini alikuwa mume wa binti wa pekee wa Mama Ndoano, na binti huyo wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, amerudi kukaa kwa mama yake.

Siku yenyewe ilianza vizuri, ziwa limetulia kama maji ya ndoo. Boti zote zilitoka alfajiri. Saa mbili asubuhi upepo ukafumuka kutoka kusini bila kupiga hodi, na kwa muda wa dakika arobaini hivi ziwa lote likawa jeupe kwa povu. Kufika saa nne boti zilikuwa zimerudi, moja baada ya nyingine, watu wakichota maji ndani kwa makopo na kucheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Saa sita mchana ilikuwa imebaki boti moja tu ambayo haijarudi.

Wanaume walikusanyika kwenye banda la kupimia samaki. Wanawake walisimama nje, ukutani. Simu ya shemeji haikupatikana. Boti zilizorudi zilikuwa zimekausha matangi kwa kupambana na upepo, na gari la petroli halikutarajiwa mpaka kesho. Walikamua mafuta kwenye kila tangi, wakapata dumu moja na robo. Fundi wa injini, mtu mrefu aliyekuwa na boti yenye nguvu kuliko zote pale, alilitikisa dumu karibu na sikio lake.

"Hii ni ya upande mmoja," akasema. "Kwenda na kurudi, upande mmoja. Tukikosea, hakuna mara ya pili."

"Hakuna cha kukosea," mwenyekiti akasema. "Jana nimemsikia mwenyewe akisema anakwenda Mawe Matatu. Mnaelekea kusini, basi."

Watu wakaitikia. Fundi akainama kuinua dumu.

"Hawako Mawe Matatu," Mama Ndoano akasema kutoka nje.

Hakuna aliyegeuka. Akaingia ndani ya banda, akarudia kwa sauti kubwa kuliko aliyokusudia. Safari hii waligeuka wote.

"Mama, nani kakwambia?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Mshipi wenyewe. Mshipi ukitoka Mawe Matatu unarudi umekwaruzika, ndoano butu, nyingine hazina ncha. Wiki ya tatu sasa sijanoa hata ndoano kumi. Zinarudi na matope meusi yanayonuka kama yai viza, na majani membamba kama nywele yamejisokota kwenye vifundo. Nakaa saa nzima nayanyofoa kwa kucha. Huko Mawe Matatu kuna matope?"

Kila mtu pale alijua huko hakuna matope. Matope ya namna hiyo yalikuwa kaskazini, Mkondo wa Zamani, mahali mto ulipokuwa ukiingilia ziwani kabla haujahama, ambako sasa pamebaki matete na vijito vilivyogawanyika ovyo.

"Nahodha hawezi kuwadanganya wenzake," mtu mmoja akasema.

"Nyote mnadanganyana," Mama Ndoano akajibu. "Nionyesheni mmoja hapa ambaye hajawahi kusema anakwenda kulia akaenda kushoto."

Baadhi yao wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

Mwenyekiti akamsogelea. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuzoea kubishiwa mbele ya watu. "Sikiliza, mama. Mafuta ni hayo tu. Tukienda kaskazini kwa maneno yako na wao wako kusini, watu wawili hao watakuwa juu yako. Mmoja ni mkweo. Una uhakika?"

"Nipeni dakika tano," Mama Ndoano akasema, na akatoka mbio.

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili, nyuma ya mashine ya kusaga. Nyuma ya mlango wa chumba cha mbele palikaa beseni la bluu lenye mshipi wa akiba, ule wa zamani, uliofungwa mawe mazito ili ulale chini. Huo ulitumika Mawe Matatu tu. Kama beseni lipo, basi shemeji hakwenda huko. Alisukuma mlango. Pale sakafuni palikuwa na alama ya mduara wa vumbi, na beseni halikuwepo.

Binti yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono tumboni. "Mama, wamesemaje?"

"Beseni la bluu liko wapi?"

"Baba mdogo alilichukua alfajiri. Ulikuwa bombani. Mama, wamesemaje?"

Mama Ndoano alishika fremu ya mlango. Wiki tatu za matope, sawa, lakini leo je? Leo amechukua mshipi wa Mawe Matatu. Kama angekaa kimya kule bandani, boti ingekuwa imeshaondoka kuelekea kusini, na huenda ingekuwa sawa.

Akazunguka nyuma ya nyumba bila kujua anatafuta nini. Karibu na kamba ya kuanikia nguo akayaona: mawe kumi na moja, yamerundikwa ukutani, vipande vya uzi bado vimeyazunguka. Shemeji alikuwa ameyakata kwa kisu na kuyaacha. Alichuchumaa, akagusa uzi uliokatwa. Mshipi usio na mawe haufai kwenye miamba. Labda alitaka kuunganisha mishipi miwili apate mmoja mrefu wa kutandika mkondoni. Labda. Au labda alitaka mawe mengine, mazito zaidi, na mawe yapo kila mahali.

Binti alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, anamtazama. Mama Ndoano akampita bila kusimama.

Aliporudi bandani walikuwa wanamsubiri. "Haya," mwenyekiti akasema. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Baadaye alisema kwamba katika maisha yake hakuwahi kutamka maneno mazito kama hayo mawili, na yote mawili yalikuwa ya uongo.

"Na mimi nakwenda," akaongeza.

Hapo pakawa na kelele. Sheria, wakasema. Mkosi juu ya mkosi, mwingine akasema. Fundi alikuwa tayari amelibeba dumu begani. "Boti ni yangu na injini ni yangu," akasema. "Huko kuna vijito saba. Anayeyajua hayo majani kwa macho ni nani hapa? Wewe unayajua? Wewe?" Akatangulia kuelekea majini. "Panda, dada."

Akapanda. Nyuma yake alisikia mtu akitema mate mchangani. Katibu wa ufuko naye akaingia, kwa kuwa lazima awepo wa kamati, ingawa kila mtu alijua kwamba alikuwa katibu hasa kwa sababu ziwa lilimtibua tumbo tangu ujana wake.

Walikwenda saa nzima. Katibu alitapika mara mbili na kuomba radhi mara mbili. Mama Ndoano alikaa katikati, amekamata ubao kwa mikono yote miwili. Hakuwahi kuona nchi kavu kutoka upande huu. Nyumba zilikuwa ndogo mno. Alifikiri juu ya Mawe Matatu, akamwona mkwe wake ameng'ang'ania jiwe, anaisikia injini kwa mbali, kisha haisikii tena. Akaisukuma picha hiyo. Ikarudi.

Fundi aliweka kidole kwenye dumu, chini kidogo ya katikati. "Mafuta yakifika hapa, nageuza. Hata kama tunasikia sauti, nageuza, maana tutakufa watano badala ya wawili."

"Sawa," Mama Ndoano akasema.

Kijito cha kwanza kilikuwa na majani mapana, yameelea kama sahani. Sio. Cha pili maji matupu. Kwenye cha tatu aliinama, akatia mkono majini, akautoa umejaa nyuzi za kijani zinazoteleza. Akazinusa.

"Haya hapa."

Wakaingia polepole, matete yakikwaruza ubavu wa boti. Waliita. Waliita tena. Ndege wakaruka, basi. Kijito kikafunguka tena kwenye ziwa wazi upande wa pili, na huko nako hapakuwa na kitu ila maji na jua kali.

Fundi akapunguza mwendo. "Dada."

"Bado."

"Dada, yamefika alama."

"Kidole chako ni kinene. Bado kidogo."

Fundi akasogeza kidole chini kwa upana wa ukucha mmoja. Wakaenda mbele tena.

Katibu ndiye aliyekiona. "Kuna dumu pale. La njano."

Lilikuwa boya, dumu dogo la mafuta ya kupikia, linacheza juu ya mawimbi. Maboya ya namna hiyo yapo kila mahali ziwani. Lakini fundi alipolisogelea, Mama Ndoano akaona kifundo shingoni mwake. Yeye alikuwa mashoto, na bibi aliyemfundisha alikuwa mashoto. Kifundo chao kilizunguka kinyume na vifundo vya watu wote wa ufuko ule.

Katibu alishachomoa kisu ili alitwae. "Usikate!" Mama Ndoano akapiga kelele mpaka kisu kikamponyoka. "Mwisho wa mshipi hufungwa kwenye boti yao. Hii ndiyo njia yenyewe. Fundi, zima injini."

Akaanza kuvuta. Kuvuta mshipi wenye ndoano ni kazi ya wanaume wawili wenye glavu. Yeye aliuvuta kwa mikono mitupu, akiziona ndoano zikipanda kutoka kwenye giza la maji, akizipisha moja moja kando ya kiganja. Boti ikaanza kujivuta yenyewe mbele. "Ndoano nje, kamba ndani," akamwambia katibu, na katibu akatii kama mwanafunzi. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Kwenye ya tisini na kitu wimbi liliinua boti, na ndoano ikamwingia kiganja cha kulia mpaka kwenye mfupa. Fundi akataka kuichukua kamba.

"Utajichoma na wewe, tutabaki bila dereva," akasema. Akaukata uzi wa ndoano ile kwa meno, akaiacha mkononi, akaendelea.

Baada ya mia nne kikaja kifundo kikubwa, kibaya, kama cha mtoto anayejifunza kufunga viatu. Alikitambua mara moja, kwa sababu shemeji hakuwahi kujua kufunga. Alikuwa ameiunganisha mishipi miwili. Machozi yakamtoka hapohapo, bila sauti, huku mikono ikiendelea kuvuta.

Boti yao ilikuwa imepinduka, imekwama kwenye ukingo wa matete ambapo macho yasingeiona kutoka mbali. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi juu yake. Mkwe alikuwa amefungwa kwa kamba kifuani, miguu ndani ya maji, midomo myeupe, bega limetoka mahali pake. Fundi alipoliita jina lake aligeuza macho. Alikuwa hai.

Shemeji aliinua kichwa. Alimtazama fundi, akamtazama katibu, kisha akamwona Mama Ndoano na damu mkononi. Midomo yake ilikuwa imepasuka na sauti ilitoka kwa shida.

"Nani kawaambia tuko huku?"

Katibu aliangua kicheko ambacho kilikuwa kilio.

Mafuta yaliisha kabla hawajafika. Walipiga kasia kwa zamu, jua likiwa bado liko juu ya matete. Mkwe alilaza kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe wake, jambo ambalo siku nyingine wote wawili wangelionea haya. Mama Ndoano alimwambia fundi kwa sauti ya chini, "Sikuwa na uhakika."

"Nilijua," fundi akasema bila kuacha kasia. "Mwenye uhakika haombi dakika tano."

"Sasa mbona ulikuja?"

"Mwenyekiti hakuomba hata moja."

Wiki iliyofuata alikuja afisa wa uvuvi kuandika taarifa ya ajali, msichana wa umri wa binti yake, na kishikwambi chini ya kwapa. Mwenyekiti alimweleza kwamba kamati ilikaa, ikapima hali, ikaamua kutafuta upande wa kaskazini. Kisha akamtaka katibu asome kumbukumbu. Katibu akasimama, akasoma alichoandika: matope, majani, boya, mshipi uliovutwa kwa mikono, na aliyeuvuta. Mwenyekiti akasema hapo pana makosa, paandikwe upya. Katibu akasema kalamu imekwisha wino. Ilikuwa inaning'inia mfukoni mwake, mpya kabisa.

Afisa akamgeukia Mama Ndoano. Aliuliza jina na umri, akaandika. Alipofika kwenye kazi hakuuliza.

"Umeandika nini hapo?"

"Mama wa nyumbani."

"Futa."

"Mama, fomu ina mvuvi, mchuuzi, na mama wa nyumbani. Nikuweke mvuvi? Unaingia majini?"

"Hakuna samaki anayetoka hapa ambaye ndoano yake haikupita kwanza mikononi mwetu. Mimi nafunga chambo. Andika hivyo."

Msichana alipekua skrini juu mpaka chini. Hapakuwa na nafasi. Mwishowe akaiandika chini kabisa, kwenye sehemu ya maoni, na Mama Ndoano akaomba kuona, akaisoma herufi kwa herufi.

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Siri ya Mkondo wa Zamani ilikuwa imetoka. Ndani ya wiki mbili boti ishirini zilikuwa zinajipanga huko, na samaki wakaisha. Shemeji alikuja mlangoni, hakuingia. "Umeniokoa, na nakushukuru," akasema. "Ila mahali pangu pamekufa, shemeji." Akachukua mabeseni yake yote mawili, yaliyookotwa kwenye matete na kurudishwa, la bluu likiwa juu. Mama Ndoano alibaki amesimama. Hakuwa na hasira. Alijisikia kama siku ile ndugu walipokuja kutazama kabati, isipokuwa safari hii huyu naye alikuwa miongoni mwao.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akawaita wale wanane wengine, wakakaa kwenye sakafu yake. Hakuwa mtu wa hotuba. Aliwauliza tu, kila mmoja, kama nahodha wake asiporudi leo, angejua pa kuanzia kumtafuta. Wawili walisema ndiyo. Sita walinyamaza, na mmoja kati ya hao sita alikuwa amempoteza kaka yake ziwani miaka mitano nyuma, mahali pasipojulikana mpaka leo.

Kesho yake mabeseni yaliporudi, wote tisa walisema neno moja: nahodha asiyesema anakokwenda, hafungiwi chambo. Siri itabaki hapahapa mpaka atakaporudi, asiporudi, itasemwa.

Wanaume walicheka. Walijifungia chambo wenyewe. Siku ya kwanza boti zilitoka saa tatu badala ya alfajiri. Siku ya pili mtu mmoja alipelekwa zahanati na ndoano sikioni. Siku ya nne mume wa mmoja wa wale tisa alichuchumaa mbele ya mke wake, akatazama huku na huku, akamnong'oneza. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapita tu. Mkutano haukuitishwa, na sheria ya kutokanyaga boti haijafutwa mpaka leo. Shemeji hakuja. Anajifungia chambo mwenyewe na mkewe, na boti yake hutoka ya mwisho. Mtoto wa binti alipozaliwa, shemeji alikuja kumtazama, akakaa, akambeba, akamsifu masikio. Mshipi haukutajwa. Mama Ndoano alimsindikiza mpaka njia panda, wakaagana vizuri, kila mtu na la moyoni mwake.

Mkono ulipona vibaya. Zahanati waliitoa ile ndoano, lakini kidole cha kati kimebaki kimejikunja, hakinyooki, na ndoano mia nne za fundi, ambaye ndiye anamfungia sasa, humchukua muda mrefu kuliko zamani. Wale wanawake wengine walikubaliana bila kumshirikisha: jioni, mmoja wao hupita, huchota ndoano mia moja kutoka beseni lake na kwenda kuzifungia kwake. Mara ya kwanza alikasirika sana, akasema yeye si mgonjwa. Mara ya pili alikaa kimya. Siku hizi husikika akilalamika mlangoni, "Mia tu? Jirani, chukua na hamsini za juu, usinionee haya."